Paneli iliyoipa kibla kisogo

Shule ninayoisimulia iko katika wilaya moja ya mkoa wa Lindi, na paneli zake nane zilifungwa mwezi wa Desemba. Mwezi huo ukumbuke, maana ndio ulioficha kosa. Kwa miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri: kompyuta ziliwaka, taa za bweni zilidumu mpaka saa nne usiku, mwalimu mkuu akaandika barua ya shukrani. Ilipofika Juni, mvua zimekwisha na jua linaonekana kutwa nzima, betri zikaanza kuzimika kabla ya saa mbili usiku. Wakabadilishiwa betri. Zikazimika. Wakabadilishiwa kontrola ya chaji. Hali ikawa ile ile. Nilipoitwa, mwalimu mkuu alinipokea kwa maneno niliyokwisha kuyazoea: "Mhandisi, jua lipo, umeme haupo."

Sikuhitaji kupanda juu ya bati. Nilisimama uwanjani nikazitazama paneli, halafu nikautazama msikiti mdogo ulio ng'ambo ya uwanja wa mpira, nikaona kwamba paneli zimeipa kibla kisogo. Lindi iko kwenye longitudo 39.7 mashariki na Makka iko kwenye 39.8, kwa hiyo anayesali Lindi anaelekea kaskazini barabara. Wazee wa pwani walilijua hilo kabla ya dira za simu. Kwao kibla ni jina la kaskazini yenyewe, na kusini ni suheli, kwa jina la nyota. Paneli za shule zilikuwa zimeelekezwa suheli, tena zimeinuliwa nyuzi 35, mfano wa mtu aliyeegemea kitini akiota jua la nchi nyingine.

Fundi aliyezifunga hakuwa mzembe. Alifuata kijitabu kilichokuja na fremu, nacho kilisema paneli zielekee kusini kwa mwinamo wa nyuzi 30 hadi 40. Kijitabu nacho hakikudanganya. Kilikuwa kinazungumza na mtu wa Munich.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika mwaka mmoja, jua la adhuhuri husafiri kati ya nyuzi 23.4 kaskazini ya ikweta, linakofika mnamo Juni 21, na nyuzi 23.4 kusini, linakofika siku chache kabla ya Krismasi. Munich iko nyuzi 48 kaskazini, basi jua la huko haliwezi kumpita mtu utosini likaenda upande wa pili. Liko kusini Januari, liko kusini Julai. Sisi tunaoishi katikati ya mipaka hiyo miwili hatuna jua la upande mmoja. Lindi iko nyuzi 10 kusini ya ikweta. Desemba, jua la adhuhuri linakuwa nyuzi 13 upande wa suheli. Juni linakuwa nyuzi 33 upande wa kibla.

Paneli hupokea miale ya jua kwa kiwango cha kosaini ya pembe kati ya jua na uso wake. Zile za shule, mwezi wa Desemba, zilikuwa nyuzi 22 tu mbali na jua, zikapata asilimia 93 ya miale ya adhuhuri. Nani angelalamika? Juni zilikuwa nyuzi 68 mbali na jua, zikapata asilimia 37. Zingelazwa chali juu ya bati, bila fremu na bila hesabu yoyote, zingepata asilimia 83.

Nikisimulia kisa hiki, wengi hutoka wakiamini kwamba mwinamo ni jambo kubwa sana na kwamba lazima kuna pembe moja ya siri ambayo mafundi wetu hawaijui. Somo ninalolitoa mimi ni kinyume chake. Mwinamo uliokosewa unaharibu sana, lakini mwinamo uliopatiwa kwa usahihi, katika nchi hizi zetu, unaongeza kidogo mno. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini. Ukilaza paneli chali kabisa, halafu ukailinganisha na iliyoinamishwa kaskazini kwa pembe bora kuliko zote, tofauti ya mwaka mzima ni kama asilimia moja. Songea, nyuzi 10.7, tofauti haifiki asilimia mbili. Kisumu na Kampala, ambazo ikweta inazipitia mlangoni, hakuna cha kutafuta. Jua linakaa nusu mwaka huku na nusu mwaka kule, na paneli iliyolala inalisubiri katikati.

Anayetaka kulishuhudia asimamishe chupa ya maji juani Dar es Salaam mnamo Oktoba 10, saa sita na dakika kumi mchana. Chupa itakosa kivuli. Machi 3 itakikosa tena, ila safari hiyo saa sita na dakika 35. Kati ya Oktoba na Machi kivuli cha adhuhuri kinaangukia kibla, miezi mingine saba kinaangukia suheli. Kwa sababu ya miezi hiyo saba ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua upande, kuanzia Tanga kwenda chini hadi Mtwara, ninachagua kaskazini.

Na bado nainamisha, nyuzi 10 au 15. Sifanyi hivyo kwa ajili ya jua. Nafanya kwa ajili ya maji na vumbi.

Paneli iliyolala kabisa ni sinia. Umande wa alfajiri unalowesha vumbi, jua linalikausha, kesho linaongezeka jingine, na mvua ya rasharasha inapokuja inaliyeyusha bila kulisomba. Ukiinamisha nyuzi 10, mvua nzito inasafisha sehemu kubwa ya kioo yenyewe. Lakini hata hapo kuna mahali tope halitoki: ukingo wa chini, pale kioo kinapokutana na fremu ya alumini. Fremu imenyanyuka kidogo kuliko kioo, maji yanakwama, yanakauka, yanaacha mstari wa udongo wenye upana wa vidole viwili. Mwenye nyumba akiutazama anaona paneli yake ni safi, uchafu uko pembeni tu.

Uchafu huo wa pembeni unaweza kula zaidi ya mwinamo mbaya. Paneli ya kawaida ina seli 60 au 72 katika safu sita ndefu, na seli zote zimeungwa kwa mfululizo, yaani umeme wa moja lazima upite kwa jirani yake. Seli moja ikifunikwa inawazibia wenzake njia, kama gari lililoharibika kwenye daraja la njia moja. Ili paneli nzima isikwame, watengenezaji huweka daiodi tatu, kila moja ikilinda safu mbili. Safu zikizibwa, umeme unapitia pembeni na safu hizo mbili zinahesabiwa kuwa hazipo. Sasa fikiria paneli imefungwa kwa kusimama, upande mfupi ukiwa chini. Mstari wa tope umefunika seli ya mwisho ya kila safu, zote sita. Daiodi zote tatu zimehusika, na paneli inaweza kukosa nguvu karibu yote kwa uchafu usiofunika hata sehemu ya kumi ya kioo chake. Igeuze ilale kwa ubavu, upande mrefu chini: tope lile lile limefunika safu moja, daiodi moja imefanya kazi, umepoteza theluthi. Paneli za siku hizi zenye seli zilizokatwa nusu zina nafuu, kwa sababu nusu ya juu na nusu ya chini zinafanya kazi kila moja kivyake. Zikisimama na tope likakaa chini, nusu ya juu inaendelea. Lakini paneli za zamani ziko nyingi juu ya mabati yetu, nyingine zimefika kama mitumba, na nyingi zimefungwa kwa kusimama kwa sababu ndivyo zinavyopendeza zikitazamwa kutoka barabarani.

Kitambaa kibichi alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwenye vidole viwili vya chini. Nimewahi kulipwa nauli ya Dar mpaka Singida kwa ushauri huo peke yake, na sikurudisha fedha.

Joto nalo lina hesabu yake. Paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzijoto inayozidi 25. Paneli iliyobandikwa juu ya bati bila nafasi, mchana wa Februari, inafika nyuzijoto 65 bila shida. Hapo wati 100 zimekuwa wati 85. Ukiacha nusu shubiri kati yake na bati ili upepo upite, joto likashuka nyuzi 10, umerudishiwa asilimia nne. Hiyo ni mara nne ya unachopata Dar kwa kusumbuka na pembe. Kwa sababu hiyo huwa sikubali kumjengea mtu mnara wa vyuma juu ya paa lake ili tu paneli zitazame kaskazini. Paa la mashariki au la magharibi lenye mwinamo wa nyuzi 10 linakukosesha asilimia mbili hivi. Mnara unakukosesha usingizi kila kusi inapovuma, maana paneli iliyosimamishwa juu ya paa ni tanga, na kenchi zetu hazikutengenezwa kuwa milingoti.

Kubadilisha mwinamo kwa misimu ni jambo ninalolipitia haraka. Juni mjini Dar, paneli iliyoinamishwa kaskazini nyuzi 20 inapata miale ya adhuhuri asilimia 14 zaidi ya iliyolala. Si haba. Kama paneli iko chini, kwenye stendi yenye matundu mawili ya bolti, na nyumbani kuna mtu wa kukumbuka Aprili na Septemba, fanya. Kama iko juu ya paa, usifanye. Sijaona asilimia 14 ya miezi mitatu inayolingana na mguu uliovunjika.

Msimu unatubadilishia kidogo, basi, ila siku inatubadilishia sana, na hapa ndipo lugha yetu inaposaidia kuliko vitabu. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Dunia inageuka nyuzi 15 kila saa. Karibu na ikweta, siku za mwishoni mwa Machi na Septemba ambapo usiku na mchana vinalingana, ukisema saa tatu asubuhi umekwisha kusema kwamba jua liko nyuzi 45 juu ya upeo wa macho: tatu mara 15. Saa mbili ni nyuzi 30. Saa sita ni 90, utosini. Wenye kuhesabu kuanzia usiku wa manane hawawezi kuifanya hesabu hiyo bila kutoa sita kwanza.

Kwa hiyo jua letu linapanda karibu wima kutoka mashariki na kushuka wima magharibi, na paneli iliyolala inalikosa mwanzoni na mwishoni mwa siku. Saa mbili asubuhi inapata nusu tu ya miale iliyopo. Kama dunia isingekuwa na hewa, paneli inayoligeukia jua tangu maawio hadi machweo ingepata asilimia 57 zaidi ya iliyolala. Namba hiyo inapendwa sana na wauzaji. Lakini hewa ipo. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, miale yake inapita kwenye hewa mara mbili ya ile ya utosini. Likiwa nyuzi 15, karibu mara nne, pamoja na vumbi na moshi wa mashamba. Asubuhi unayoikimbilia ina jua dhaifu. Yakija mawingu ya masika, mwanga unatoka mbingu nzima na hauna upande, na paneli iliyosimama kwa kulitafuta jua inakuwa imeupa mgongo sehemu ya mbingu. Ukijumlisha yote, kwenye mazingira yetu faida halisi ya kufuata jua inazungukia asilimia 20, ikipanda sehemu kavu kama Dodoma na kushuka kwenye mawingu ya ziwani.

Asilimia 20 ni nyingi. Swali ni bei yake, na nani anayegeuza.

Pembezoni mwa barabara moja ya mkoa wa Kigoma nilimkuta kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu. Paneli yake moja ilikuwa imeegemezwa kwenye kigoda, na juu ya fremu alikuwa amebandika kipande cha ubao wenye msumari uliosimama wima. Kivuli cha msumari kikitoweka, paneli inalitazama jua uso kwa uso. Kikirefuka kupita urefu wa kidole gumba, anageuza. Nilimuuliza kwa nini hatumii saa. Akacheka: "Saa ya hapa ni ya uongo, mzee." Ana haki. Saa ya nchi nzima imewekwa kwa longitudo ya 45, inayopita jirani na Mogadishu. Dar es Salaam iko nyuma yake kwa dakika 23. Kigoma iko nyuma kwa saa nzima. Adhuhuri ya kweli huko ni saa saba. Mtambo wa kufuata jua uliopangiwa muda kwa kuamini kwamba saa sita ni saa sita utakuwa nyuzi 15 mbele ya jua mwaka mzima.

Nilipofika nyumbani nilimfanyia hesabu kijana yule. Chukua mchana wa kuanzia saa moja hadi saa kumi na moja za jua. Iliyolala inapata, kwa wastani wa jiometri peke yake, asilimia 74 ya miale. Sasa iweke paneli katika mikao mitatu tu: imeinamia mashariki nyuzi 50 asubuhi, imelala adhuhuri, imeinamia magharibi nyuzi 50 alasiri. Inageuzwa mara mbili, saa nne na dakika 20 na saa saba na dakika 40. Wastani unapanda hadi asilimia 97. Mtambo wa mota unaosogea kila dakika, wenye kompyuta na jicho la mwanga, kazi yake yote ni kuziokota zile asilimia tatu zilizobaki. Ndiyo sababu naiheshimu mikono ya kijana yule kuliko mitambo mingi niliyoitwa kuitengeneza.

Mitambo hiyo ya nyumbani huitwa alizeti, na jina linaistahili kuliko wanaoiita hivyo wanavyojua. Mmea wa alizeti hufuata jua ukiwa mchanga tu. Ua likishakomaa shina linakakamaa, na linabaki limetazama mashariki mpaka linavunwa. Mitambo nayo hufuata jua miezi ya mwanzo. Kisha vumbi linaingia kwenye beringi, chumvi ya pwani inakula bolti, jeki inayosukuma, mara nyingi ya aina iliyokuwa ikigeuza madishi makubwa ya zamani, inaungua mota, na kifaa cha kubadilisha hakipo dukani. Tofauti na alizeti, mtambo hauchagui pa kukwama. Taasisi moja niliyoitembelea ilikuwa nao umekakamaa ukitazama magharibi. Paneli iliyoganda nyuzi 50 magharibi haioni mwale hata mmoja wa moja kwa moja mpaka saa tatu na dakika 20 za asubuhi. Iliyolazwa chali na mtoto wa darasa la pili ingeishinda. Ile yenye jicho la mwanga ina ugonjwa wake mwingine: siku ya mawingu mepesi inahangaika huku na huko ikifuata kila ukingo wa wingu uliong'aa, na mota inazeeka kwa safari zisizo na maana.

Halafu kuna bei, iliyobadilika kiasi cha kuibadili hesabu nzima. Mwaka 2008, wati moja ya paneli kiwandani iligharimu zaidi ya dola 3. Wakati ule, kuongeza asilimia 20 kwa mota kulikuwa na akili, maana paneli ndiyo iliyokuwa ghali. Mwaka 2024 viwanda vya China viliuza wati moja kwa senti 10 za dola hivi. Kwa paneli ya wati 400, asilimia 20 ni wati 80, yaani dola 8 kiwandani. Hata zikifika Kariakoo zimepanda mara tatu, hakuna mota, beringi, jeki na fundi wa kuvitunza utakaovipata kwa fedha hizo. Ongeza paneli. Haina kinachozunguka, haina kinachopakwa grisi.

Je, mitambo ya kufuata jua haina mahali kabisa? Inapo, na pazuri. Nenda Rwamagana, mashariki mwa Rwanda, kwenye ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom. Mwaka 2014 palijengwa mtambo wa megawati 8.5, paneli 28,360, na ukiutazama kutoka angani umepangwa kwa umbo la bara la Afrika. Paneli hizo huinama kulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, zikipata karibu asilimia 20 zaidi ya ambavyo zingepata kama zingekuwa zimetulia. Lakini pale safu ndefu nzima inazungushwa kwenye mhimili mmoja, gharama inagawanywa kwa paneli nyingi, na wafanyakazi wako hapo hapo na spana mkononi. Mhimili umelala kaskazini kwa kusini, na kwa kuwa jua letu linapita karibu na utosi, mhimili huo mmoja unatosha. Aina hii ya mtambo inapatana na tropiki kuliko Ulaya. Asubuhi na mapema safu hazisimami wima kulitazama jua, kwani zingetiana kivuli. Zinalala kidogo, zinasubiri lipande. Upepo ukizidi, zinalala kabisa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko paneli. Mwaka 1913, huko Maadi, kusini kidogo ya Kairo, Mmarekani Frank Shuman alisimamisha mifereji mitano ya vioo, kila mmoja na urefu wa mita 62 hivi, iliyolala kaskazini kwa kusini na kugeuka kulifuata jua. Mvuke wake uliendesha pampu ya kuvuta maji ya mto Nile kwenda mashambani. Vita vya mwaka uliofuata vilikatisha kila kitu. Shuman alikuwa akipampu maji, na mpaka leo nadhani maji ndiyo sababu bora zaidi ya mtu wa kawaida kujali jua liko upande gani.

Pampu haifanani na betri. Betri inapokea hata kijiti kidogo cha umeme. Pampu ya kuzungusha maji ndani ya kisima kirefu haiinui tone mpaka ipate nguvu ya kuyafikisha juu. Chini ya kiwango hicho inazunguka bure. Kwa hiyo saa mbili asubuhi, paneli iliyolala ikiwa na nusu ya nguvu, maji hayana nusu: ni sufuri. Ukiipa paneli mwelekeo mzuri saa hiyo, hukuongeza asilimia 20, umeivusha pampu kizingiti. Tena visima vyetu vingi ni vya kutoa maji polepole. Ukivivuta kwa nguvu adhuhuri vinakauka, pampu inajizima, unasubiri vijae. Vinachotaka ni kuvutwa taratibu kwa saa nyingi. Mwenye kisima cha namna hiyo akiniuliza kuhusu kufuata jua, simkatalii mara moja. Kwanza namuuliza kama amefikiria pampu ya parafujo, ambayo inainua maji hata kwa jua dhaifu, ingawa kidogo kidogo.

Mara nyingi hapo mtu anataja ushauri mwingine wa Ulaya: gawa paneli, nusu mashariki na nusu magharibi, utapata siku pana. Kwetu haufanyi kazi hivyo. Saa mbili asubuhi, paneli iliyolala inapata 50 kwa mia. Iliyoinama mashariki nyuzi 20 inapata 77, iliyoinama magharibi inapata 17. Wastani wao ni 47. Umenunua vyuma ili upate pungufu. Kinachofanya kazi ni kuongeza paneli za upande unaozihitaji saa zake, juu ya zile ulizonazo. Na usiziunge kwa mfululizo na zinazotazama kwingine, maana iliyo dhaifu itazipimia zote mkondo wake. Ziunge mstari wao wenyewe, kisha mistari ikutane sambamba.

Turudi Lindi. Zile paneli nane tulizishusha kutoka kwenye fremu za nyuzi 35, tukazielekeza kibla kwa nyuzi 10, tukazilaza kwa ubavu, tukaacha nusu shubiri juu ya bati. Betri hazikubadilishwa tena. Baadaye shule ikapata kisima, nacho ni kivivu, na jikoni wakawa wanasubiri maji mpaka saa nne wakati uji unatakiwa kwenye mapumziko ya saa nne hiyo hiyo. Tuliongeza paneli tatu zilizoinamia mashariki, mstari wao peke yao. Fundi ni yule yule wa kwanza, na safari hii alikuja na ubao na msumari. Alipomaliza akauliza kama tuongeze na tatu za magharibi ili mambo yalingane. Mpishi alimjibu kabla yangu: saa kumi yeye ameshaosha masufuria.